UKUMBI WA MWALIMU: Transfoma ya marehemu babu au ya dukani?



Mwezi huu nimeziweka kando barua za sarufi, na wenyewe watanivumilia, kwa kuwa nimepokea barua ya mama mmoja wa hapa petu ambayo haistahili kungojeshwa. Anaeleza, baada ya shikamoo ambayo naipokea kwa marahaba, kwamba mwanawe wa miaka 17 anajiundia mwenyewe amplifaya ya gitaa. Si ya vijidude vya kisasa, bali ya valvu, yaani vile vichupa vya kioo vilivyokuwa viking'ara ndani ya redio za wazee wetu. Ameshakusanya sanduku la bati, valvu mbili za EL84, kapasita zake na spika ya omu 8. Kilichobaki ni pande moja la chuma liitwalo transfoma ya kutolea sauti. Kijana anataka pauni 48 akanunue jipya. Mjomba wake, fundi wa siku nyingi, ameifungua redio kubwa ya santuri aliyoiacha marehemu babu, akatoa humo transfoma na kusema: hii hapa, haina gharama, na chuma cha zamani hakina mfano. Kijana akaikataa mbele za watu. Mjomba akachukia, na hii ni wiki ya tatu hajatia mguu nyumbani kwa dada yake. Mama anauliza mawili: nani mkweli kati ya hao, na je, chombo hicho hakitamwulia mwanawe?

Ama kuhusu kama gitaa lenyewe linafaa au halifai, hilo liko baina ya wazazi na mtoto wao. Mimi nimeulizwa chuma, nami nitajibu chuma.

Nianze na swali la pili, kwa kuwa ndilo zito. Ndiyo, dada yangu, chombo hicho kinaweza kuua. Ndani ya amplifaya ya valvu mna umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 300 na zaidi, na umeme huo hauondoki pale plagi inapochomolewa ukutani. Huwekwa akiba katika kapasita kubwa, na unaweza kukaa humo muda mrefu ukimngoja mtu. Basi kijana asitie mkono ndani ila kwa masharti. Kwanza achomoe plagi. Kisha azimalize kapasita kwa kuziunganisha na bati la chombo kupitia rezista ya omu 10,000 hivi yenye uwezo wa wati 5, wala asizipige kwa bisibisi tupu ili cheche ziruke, kama wafanyavyo mafundi wapendao kujionyesha. Halafu apime kwa mita mpaka aone volti zimeshuka karibu na sifuri. Bati lenyewe liungwe barabara na waya wa ardhi, ule wenye rangi ya kijani na manjano. Na siku ya kupima chombo kikiwa kinawaka, mkono mmoja ukae mfukoni, na mtu mzima anayejua swichi ya ukutani ilipo awemo chumbani. Mjomba anayajua haya yote kuliko mimi, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kutaka arejee nyumbani upesi.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe.

Valvu ni tajiri wa volti na maskini wa ampea. EL84 moja, ikifanya kazi kwa volti 250, hupitisha miliampea 48 tu, yaani chini ya sehemu moja ya ishirini ya ampea. Spika nayo ni kinyume chake kabisa: ile ya omu 8, ili itoe wati 5, huridhika na volti 6 na kidogo, lakini hudai karibu ampea 0.8. Ukiwaunganisha hawa wawili ana kwa ana, valvu itachoka bure na spika itanong'ona tu. Ndipo inapoingia transfoma. Ina koili mbili za waya zilizosokotwa juu ya kiini kimoja cha chuma. Koili ya kwanza, yenye waya mwembamba na mizunguko mingi, huungwa na valvu. Ya pili, yenye waya mnene na mizunguko michache, huungwa na spika. Volti nyingi zenye ampea kidogo huingia upande mmoja, zikatoka upande wa pili volti kidogo zenye ampea nyingi. Zaidi ya hayo, kwa kuwa koili mbili hizo hazigusani, ule umeme mkali wa mkondo mnyoofu haufiki kamwe kwenye spika. Hupita mtetemo wa sauti peke yake.

Kipimo kinachotawala mambo yote haya huitwa impidansi. Ni ukinzani ambao kifaa huuonyesha kwa umeme unaotetemeka, nao hupimwa kwa omu kama ukinzani wa kawaida. Kila valvu ina impidansi ambayo hupenda kuiona mbele yake. Kwa EL84 moja, watengenezaji wake waliandika katika vitabu vyao omu 5,200, na wati zinazotoka ni 5.7. Kwa EL84 mbili zinazofanya kazi pamoja kwa volti 300, waliandika omu 8,000 kutoka valvu hadi valvu, na wati 17. Amplifaya ya Vox AC30, iliyopata sifa Uingereza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ina EL84 nne, mbili kila upande, na kwa hiyo transfoma yake ni ya omu 4,000, yaani nusu ya 8,000. Ukizidisha valvu mara mbili, impidansi hupungua kwa nusu.

Hapa naomba ruhusa ya kurudi ubaoni kidogo. Transfoma haina impidansi yake yenyewe. Hufanya kazi ya kuakisi tu. Uwiano wa mizunguko ya koili mbili ukiuzidisha kwa nafsi yake, unapata uwiano wa impidansi. Tuseme koili ya kwanza ina mizunguko 20 kwa kila mzunguko 1 wa koili ya pili. Ishirini mara ishirini ni 400. Ukifunga spika ya omu 16, valvu zitaona omu 6,400; ukifunga ya omu 8, zitaona 3,200; ukifunga ya omu 4, zitaona 1,600. Transfoma ni ile ile, wala hujagusa ndani yake kitu. Kwa hiyo mtu akikwambia "nina transfoma ya omu 8,000" bila ya kutaja spika, amekupa nusu ya habari.

Na lipo kosa moja ambalo wanafunzi hulirudia kila mwaka. Huchukua mita, wakapima ukinzani wa koili ya pili, wakakuta omu 0.6, wakalalamika kwamba wamedanganywa kwa kuwa imeandikwa 8. Hawakudanganywa. Mita ya kawaida hupima urefu na wembamba wa waya tu, haipimi impidansi. Koili ya kwanza vilevile huweza kuonyesha omu 200 au 400 ilhali imeandikwa 8,000. Kipimo hicho kina faida moja tu kubwa: hukuonyesha kama waya umekatika.

Kabla ya kumhukumu yeyote, yako maumbile mawili ya transfoma hizi ambayo hapana budi kuyatenganisha, na hapa ndipo mjomba na mpwa walipopishana bila ya kujua.

Katika amplifaya ya valvu moja, umeme wa mkondo mnyoofu hupita katika koili ya kwanza kwa upande mmoja tu, mchana kutwa, hata kama hakuna anayegusa gitaa. Umeme huo hukitia chuma sumaku isiyoondoka. Chuma, kama tumbo, kina kiasi chake. Kikishiba sumaku hakipokei tena, na sauti inayokuja juu yake hukatwa kichwa. Ili kukiepusha na shibe hiyo, waundaji huacha mwanya mwembamba sana, pengine unene wa karatasi, baina ya mabati yenye sura ya E na yale yenye sura ya I. Mwanya huo hupunguza sumaku ya kudumu, lakini hulipiwa: chuma lazima kiwe kikubwa zaidi ili sauti nzito zisipotee.

Katika amplifaya ya valvu mbili za mtindo wa sukuma-vuta, umeme huingia katikati ya koili ya kwanza, ukagawika, nusu kwa valvu ya kulia na nusu kwa ya kushoto. Kwa kuwa mikondo hiyo inakwenda pande zinazopingana, kila mmoja huifuta sumaku ya mwenziwe. Chuma hubaki huru, hakihitaji mwanya, na pande dogo hufanya kazi kubwa. Kwa hiyo transfoma ya sukuma-vuta ukiifunga kwenye valvu moja, itashiba papo hapo na sauti itakuwa nyembamba kama ya simu. Na transfoma ya valvu moja huwezi kuifunga kwenye valvu mbili za sukuma-vuta, kwa sababu nyepesi kabisa kwamba haina ncha ya katikati ya kuingizia umeme.

Mama ameandika kwa usahihi unaonipa furaha kwamba transfoma ya marehemu ina nyaya mbili nyembamba upande mmoja na mbili nene upande wa pili, na kwamba spika ya redio hiyo imeandikwa omu 3. Basi jawabu ni wazi. Hiyo ni transfoma ya valvu moja. Kwa amplifaya ya valvu mbili anayoiunda kijana, haifai, na kukataa kwake kulikuwa na haki, ingawa namna ya kukataa mbele za watu ni jambo jingine ambalo wazee wake watalisema.

Lau zingekuwa nyaya tatu nyembamba, ningesema wasubiri. Redio nyingine za santuri zilikuwa na EL84 mbili za sukuma-vuta, na transfoma zake ni nzuri. Lakini nyingine zilikuwa na valvu moja tu, na ule waya wa tatu uliwekwa kwa ajili ya kupunguza mvumo wa umeme. Kuzitofautisha ni kazi ya dakika moja: pima ukinzani kutoka waya wa kati hadi kila ncha. Vipimo viwili vikikaribiana, ni ya sukuma-vuta. Havitalingana sawasawa, kwa kuwa koili ya nje hutumia waya mrefu kidogo kuliko ya ndani. Kimoja kikiwa kidogo sana kuliko cha pili, ni ule waya wa kupunguzia mvumo.

Je, mjomba basi amekosea? Sisemi hivyo. Alichokishika mkononi ni kitu kizuri, ila ni cha amplifaya nyingine. EL84 moja, valvu moja ndogo ya ECC83 mbele yake, na transfoma ile ya babu, hutoa amplifaya ya wati 4 au 5, ambayo kwa chumba cha kulala ni kelele ya kutosha mpaka jirani agonge ukuta. Amplifaya ndogo ya Fender Champ, ambayo wapiga gitaa wa Marekani wameitumia studio tangu miaka ya 1950, si zaidi ya hiyo: valvu moja ya 6V6, wati 5, spika moja ya inchi 8.

Lakini wasiifunge na spika ya omu 8 aliyonayo kijana. Hesabu ni hii. Transfoma iliyoundwa kuakisi omu 5,200 kutoka spika ya omu 3, ukiipa spika ya omu 8, itaakisi 5,200 mara 8 gawanya kwa 3, yaani karibu omu 13,900. Hiyo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya inayotakiwa. Nguvu itapungua, na volti katika koili ya kwanza zitapanda mahali ambapo kihami cha waya kimekwisha zeeka. Spika ya omu 4 itaakisi karibu omu 6,900, na hiyo EL84 huistahimili bila ya manung'uniko. Spika mbili za omu 8 zilizoungwa sambamba ni sawa na omu 4, kwa hiyo akipata ya pili kama aliyonayo, mambo yamekwisha. Spika ya redio yenyewe waiache ndani ya redio. Karatasi yake haikuundwa kwa ajili ya gitaa.

Na kabla ya hayo yote waipime. Waya wa koili ya kwanza ni mwembamba kama unywele, na baada ya miaka mingi ya unyevu hukatika kwa kutu ya kijani pasipo kuonekana kwa nje. Wakipata mamia ya omu, iko hai. Kisha wachukue adapta ya volti 9 ya mkondo geu, ile ambayo pembeni ya namba za volti zinazotoka pana alama ya kiwimbi na si mstari, waiunge na koili ya kwanza, na wapime volti pande zote mbili. Upande wa pili ukionyesha karibu volti 0.22, basi uwiano ni 9 gawanya kwa 0.22, yaani 41 hivi. Zidisha kwa nafsi yake, upate karibu 1,670. Zidisha kwa omu 3 za spika, upate omu 5,000. Ndiyo yenyewe. Nasisitiza kwamba volti 9 ziingie upande wa nyaya nyembamba. Zikiingia upande wa nyaya nene zitazidishwa badala ya kupunguzwa, na volti 9 zinazozidishwa mara 41 ni karibu 370, na mtu anayezishika hana muda wa kurudia hesabu. Umeme wa ukutani usitumiwe kabisa kwa jaribio hili.

Sasa tuirejee pauni 48. Kijana akanunue nini?

Atafute transfoma ya sukuma-vuta ya omu 8,000, yenye ncha ya katikati, na upande wa pili iwe na sehemu ya omu 8 na ya omu 16, ili kesho akibadili spika asilazimike kununua tena. Akikuta ya omu 7,600 au 8,500 asirudi nyumbani akilia. Valvu si mizani ya dhahabu, na impidansi ya spika yenyewe hupanda na kushuka kila noti inapobadilika. Tofauti ya sehemu moja ya kumi haisikiki. Tofauti ya nusu au ya mara mbili ndiyo ya kuogopa.

Kuhusu wati, asinunue ya 15 kwa kuwa valvu zake hutoa 17, wala asinunue ya 17. Mpiga gitaa hapigi kama msomaji wa habari. Hufungua sauti mpaka wimbi likatwe juu na chini na kuwa la mraba, kwa kuwa ndio utamu anaoutaka, na wimbi la mraba hubeba nguvu mara mbili ya lile la mviringo lenye kimo hicho hicho. Wati 20 hadi 25 ni kipimo cha busara. Koili ya kwanza iweze kupitisha miliampea 100, kwa kuwa valvu mbili hizo hutumia 72 zikiwa zimetulia na zaidi ya 90 zikifanya kazi. Dukani ailinganishe kwa mkono: kati ya mbili zenye maandishi sawa, nzito ndiyo yenye chuma, na chuma ndicho anachokilipia.

Asikubali hata hivyo kuuziwa transfoma ya amplifaya za kusikilizia muziki kwa bei ya mara tatu. Zile huundwa zipitishe sauti kutoka mitetemo 20 kwa sekunde hadi 20,000. Waya mzito kuliko wote wa gitaa hutetemeka mara 82 kwa sekunde, na spika ya gitaa hunyamaza yenyewe baada ya 5,000 au 6,000. Wapo wapigaji wanaoapa kwamba transfoma ndogo, inayoanza kushiba kidogo kwenye noti nzito, ina sauti ya kupendeza zaidi, nami siwezi kuwapinga kwa kuwa sikio ni la mtu. Waliosoma fizikia watapenda kujua kwamba koili ya henri 10, kwa mitetemo 82, ina ukinzani wa omu 5,150 hivi, karibu sawa na mzigo wa EL84 moja. Hapo ndipo noti nzito zinapoanza kupungua, na kwa gitaa panatosha.

Kwa besi hapatoshi. Waya mzito wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 tu, nusu ya 82, na mtetemo ukipungua kwa nusu, sumaku inayohitajika katika chuma huwa mara mbili kwa volti zile zile. Wanaokumbuka taarabu ya Tanga, siku ambazo Black Star na Lucky Star walitia gitaa la umeme na besi pembeni ya sauti za waimbaji, wanajua besi ikisikika vyema inavyobeba wimbo mzima. Kijana akiwa na nia ya kumfungia mwenziwe besi kwenye amplifaya hiyo hiyo, basi anunue chuma mara mbili ya nilichotaja.

Kuhusu mahali pa kununua, kampuni ya Hammond ya Kanada ina mfululizo wa namba 125 ambao upande wa pili una ncha nyingi, na fundi huchagua jozi ya ncha kwa kusoma jedwali. Kwa mtu anayejifunza ni kitu kizuri, mradi asome jedwali kabla ya kushika risasi ya kulehemia. Hapa Uingereza wapo pia waundaji wadogo wanaosokota kwa oda. Wenye jamaa Marekani huniuliza kama transfoma ya kule itafanya kazi huku. Hii ya kutolea sauti itafanya kazi popote duniani, kwa kuwa haiungwi na umeme wa ukutani. Haijui kama uko Muscat au Chicago. Ile nyingine, inayoingiza umeme wa ukutani, ndiyo ya kuangaliwa: ya Marekani iliyoandikwa volti 120 tu ukiichomeka kwenye 230 ya hapa au 240 ya Oman, utanusa moshi kabla hujaketi.

Nimeulizwa pia siku za nyuma, na mmoja wa vijana wanaojitolea kutunza vipaza sauti vya msikiti, kama transfoma za mfumo wa volti 100 zinaweza kutumiwa. Swali ni la akili. Katika mfumo huo, impidansi ni 10,000 gawanya kwa wati zilizoandikwa, kwa hiyo sehemu ya wati 2 ni omu 5,000, na hiyo inakaribia sana EL84 moja. Kwa jaribio la mezani la wati moja, itasikika. Lakini haina mwanya katika chuma, ni ndogo, na kihami chake hakikukusudiwa kukaa juu ya volti 300 za mkondo mnyoofu. Kwa chombo cha kudumu sishauri. Na tafadhali, ile iliyofungwa ukutani msikitini ibaki pale pale.

Siku ya kuifunga, transfoma ya sauti isikae bega kwa bega na transfoma ya umeme, maana itadaka mvumo wake. Igeuzwe robo duara, ili koili za moja zielekee upande mwingine na za nyenziwe. Njia ya kupata mahali pazuri ni ya kupendeza: kabla ya kutoboa bati, unga vipokea sauti vya masikioni kwenye koili ya pili, washa transfoma ya umeme peke yake huku ncha zake zote za volti kubwa zimefungwa kihami, kisha sogeza na zungusha ile ya sauti mpaka mvumo upotee masikioni. Weka alama ya penseli hapo. Mjomba awe kwenye swichi, kijana awe kwenye penseli.

Kwa kawaida waya mwekundu huenda kwenye volti kubwa, na wa buluu na wa kahawia kwa valvu mbili, lakini waundaji hutofautiana na karatasi inayokuja na chombo ndiyo ya kufuatwa. Ikiwa mchoro wake una mrejesho kutoka spika kurudi nyuma, na chombo kikapiga yowe mara tu kinapowashwa, akizime, azimalize kapasita, na abadilishane nyaya mbili za valvu, yowe litakoma. Michoro mingi ya EL84 mbili ya miaka ya 1960 haina mrejesho huo, na pengine hatalisikia kabisa.

Lililobaki ni moja, na liandikwe kwa wino mwekundu juu ya sanduku: kisiwashwe kamwe bila ya spika. Nguvu iliyomo katika chuma isipopata pa kutokea kupitia spika, hurudi kwenye koili ya kwanza kwa volti nyingi mno, ikatoboa kihami au kuruka cheche kwenye soketi ya valvu, na pauni 48 zikawa uzito wa kuzuia mlango. Tundu la spika na liwe la aina inayojifunga yenyewe kwenye ardhi plagi inapochomolewa. Na waya wa kwenda kwenye spika uwe waya wa spika, mnene, si ule mwembamba wa kuchomekea gitaa.

Mita yangu na adapta ya volti 9 zipo nyumbani. Atakaye kuziazima apite Jumamosi baada ya Alasiri. Mjomba mtu akipita na mpwawe, aje na ile ya marehemu mkononi, kwa kuwa nami nataka kuiona.